Nguo ya Kompyuta

Arobaini ya Mama Zuhura ilisomwa Dongobesh siku ya Jumamosi. Nilitoka Babati alfajiri, nikafika wakati wanawake wameshaanza kumenya vitunguu. Nilivua viatu mlangoni, nikaingia, nikakaa mkekani na wenzangu. Nyumba ni ileile. Mabati yamebadilishwa na sebule imepakwa rangi mpya, lakini mlango wa kutoka dukani kwenda chumba cha nyuma bado unakwaruza sakafu palepale ulipokuwa ukikwaruza nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, na niliposikia ule mkwaruzo nilijikuta nimeinuka nusu, kama naitwa kazini. Zuhura, binti wa marehemu, alikuja akanishika bega, akaniambia nisiondoke baada ya chakula kwa sababu kuna kitu changu mama yake amekiacha. Nikamuuliza kitu gani. Akatabasamu tu, akarudi jikoni. Kuanzia hapo sikuisikia vizuri hata dua iliyokuwa ikisomwa, maana katika nyumba ile nilikuwa na siri moja, na miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu ninayeijua.

Mwaka ninaousema nilikuja Dongobesh kutoka Bashay nikiwa na begi moja, cheti cha kozi ya kuchapa ya miezi mitatu, na kiburi kikubwa kuliko cheti chenyewe. Zuhura alikuwa ameolewa Singida, na mama yake alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Mbele ya nyumba aliuza vitenge, shuka, sukari na sabuni. Nyuma, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama uani, kulikuwa na kompyuta na printa, na ubao wa nje ulisema hapa tunachapa barua, risala na mihtasari ya vikao. Mchapaji nilikuwa mimi. Nililala kwenye kitanda cha Zuhura, nikala mezani kwa mama yake. Mimi niliyezoea makande na maziwa ya mgando, nilipoona chapati asubuhi na chai ya maziwa iliyokolea tangawizi mpaka inakuwasha koo, nilidhani kuna mgeni anakuja. Kesho yake tena chapati. Siku ya tatu nikauliza mgeni amefika lini, na Mama Zuhura akajibu bila kucheka kwamba mgeni amefika tangu Jumatatu na anakula sana. Ndivyo alivyotania, uso haubadiliki. Jumapili aliniamsha mwenyewe niende kanisani, akisema Mungu hawasubiri wachapaji.

Kompyuta ile ilinunuliwa Arusha na mumewe, Mzee Idi, ikiwa imeshatumika mahali pengine. Watu walisimulia jinsi alivyoipakata njia nzima ndani ya blanketi, akikataa isiwekwe chini. Ilikuwa na kioo kizito na kasha la rangi ya maziwa yaliyokaa, na ndani ya kasha mlikuwa na diski, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila kitu unachoandika. Mimi niliipenda. Sijui niseme vipi nisichekwe. Niliifuta kila asubuhi kabla sijanawa uso wangu, na mwezi wa kwanza tu nikaanza kuifumia nguo. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio inavikwa, chupa ya chai inavikwa, makochi yanavikwa mpaka hujui yana rangi gani. Nilifuma kwa uzi mweupe, pembeni maua ya njano, nikapima kasha kama fundi cherehani anavyompima bibi harusi. Halafu nikaona vumbi litapita kwenye matundu ya kufuma, basi nikaishonea bitana ya flana nzito, na nyuma nikaweka utepe wa kufungia. Mbele niliacha tundu la kidole, la kuwashia. Ilikaa vizuri sana. Mama Zuhura alipoiona alizunguka meza mara mbili, akasema mumewe angefurahi, na mimi siku ile sikuhitaji mshahara.

Lakini kilichonifanya niiheshimu kompyuta ile kuliko chombo chochote ni sauti. Wiki yangu ya kwanza, kabla hatujafungua duka, Mama Zuhura aliingia na kikombe cha chai, akavuta kiti, akaniomba nimfungulie faili lenye jina la Idi. Nikabonyeza. Kukatokea mkwaruzo, kikohozi, halafu mwanamume akasema: "Moja, mbili. Moja, mbili. Inasikia hii? Salaam aleikum. Mimi ni Idi, mwuza nguo." Nilikuwa nimezoea sauti za redioni, lakini hizo ni za watu wa mbali nisiowajua. Huyu nilikuwa nakaa kwenye kiti chake, kaburi lake nililipita kila nilipokwenda kisimani, naye alikuwa chumbani anatusalimia. Alikuwa amejirekodi siku alipopata maikrofoni, dakika arobaini, bila mpango wowote. Alieleza alivyoanza kupeleka shuka kwa wafugaji wa Hanang akiwa na baiskeli, na jinsi alivyogundua kwamba hakuna mtu atakayenunua nguo kwa mfanyabiashara asiyeuliza kwanza hali ya ng'ombe, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Alilalamikia chumvi kwenye maharage. Mwishoni aliita, "Mama Zuhura, njoo usikie, natoka kwenye boksi," na kutoka mbali ikasikika sauti ya mkewe ikimjibu aache mchezo, wali unapoa. Kiti kikaburuzwa, basi. Hiyo ndiyo sauti pekee ya mzee iliyokuwa imebaki duniani, na Mama Zuhura alikunywa nayo chai kila asubuhi.

Kiangazi kilipoanza, mashine ikaanza kuugua. Asubuhi ilikuwa nzima. Ikifika saa tano au sita inaanza kugonga ndani, tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu, halafu kioo kinageuka buluu na maandishi ya kizungu yasiyo na huruma. Ukizima, ukaiacha mpaka kesho, inaamka kana kwamba hakuna lililotokea. Dongobesh nzima ikawa na maoni. Mwenye mashine ya kusaga akasema ni umeme. Katibu wa kijiji, ambaye barua yake ilipotea katikati, akasema ni kwa sababu tunachapa mambo ya wanawake. Jirani mmoja alinong'ona kuwa marehemu hapendi kusemeshwa kila siku. Mama Zuhura mwenyewe, asubuhi moja, alikuja na chai yake, akakaa, nami nikanyoosha mkono nimfungulie, akanizuia. Alisema labda kila tukiifungua ile sauti tunaimaliza. Tuibakize. Kuanzia siku ile akawa anakuja anakaa mbele ya kioo kimya, anamaliza chai, anaondoka. Sijawahi kuona kitu kilichoniumiza kama kile kikombe.

Fundi aliitwa kutoka Katesh. Jina lake Lohay, kijana mrefu aliyeanza na redio kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, mwenye maringo ya watu wanaojua kuwa wako peke yao. Alikaa kwetu siku mbili. Alibadilisha waya unaounganisha diski, akasafisha kwa kifutio cha penseli meno ya chuma ya pale waya unapochomekwa, akapima umeme. Kisha akafanya jambo lililonifunga mdomo: aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya diski na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Akanipa na mimi. Ndani nilisikia mvumo mwembamba, wa mbali, usiokatika, kitu kinazunguka kwa kasi nisiyoweza kuifikiria, na juu yake vidole vidogo vinapita, vinatafuta. Fundi akaniambia ndani mna sahani inayong'aa kuliko kioo chochote, na kile kidole hakiigusi sahani, kinaelea juu yake kwa nafasi ambayo hata moshi haupiti, na sauti ya mzee imelala pale. Nilimrudishia bisibisi kwa mikono miwili. Siku zote mbili mashine haikugonga hata mara moja. Lohay akafunga mkoba, akala pilau, akaondoka kama daktari bingwa.

Keshokutwa yake saa sita mchana: tak, tak, tak. Akaitwa tena, akaja, mashine ikatulia tena kwa siku nzima. Alipoondoka ikagoma. Watu wakaanza kusema kompyuta ya Mama Zuhura ni kama ng'ombe anayetoa maziwa kwa mtu mmoja tu. Mimi nami nilicheka nao. Naomba msomaji aniangalie vizuri hapa, maana mara zote mbili fundi alipokuja, mimi ndiye niliyekuwa naivua mashine nguo yake ili mgeni aione ilivyo safi, naichukua uani naifua na kuianika, na akishapanda gari naivisha tena, imekauka, inanukia sabuni, nafunga utepe vizuri. Nilikuwa na akili timamu na macho mawili. Lakini mtu huwezi kushuku kitu ulichokifuma kwa mkono wako mwenyewe.

Mara ya tatu Lohay alikataa kuja. Alituma ujumbe kwamba mgonjwa aletwe hospitali: diski inakufa, kilichobaki ni kunakili ile sauti kwenye CD kabla hatujachelewa, na kifaa cha kuchomea CD anacho kwake. Flopi tulizokuwa nazo, zile za plastiki za kubebea faili, zisingetosha hata salamu za mzee. Tukapanda pikapu iliyokuwa inapeleka vitunguu saumu, kompyuta katikati yetu ndani ya lile blanketi la Arusha, Mama Zuhura amelaza mkono juu yake tangu Dongobesh, mteremko wa Dareda mpaka Katesh. Karibu na Mogitu alisema tu kwamba njia hii mumewe aliijua kila kona.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, kimejaa redio zilizokufa, na nje siku ile ulikuwa mnada, ng'ombe wanapita na upepo wa Mlima Hanang unaokota vumbi na kulitupa ndani. Lohay alitaka kuitoa diski aiweke kwenye mashine yake. Mama Zuhura akasema hapana, mume wake hafukuliwi. Basi fundi akakubali kufanya kinyume chake, akatoa kifaa chake cha kuchomea akakiunga kwenye kasha letu, likiwa wazi ubavu mmoja. Alikuwa na CD mbili tu. Akaanzisha kazi, mstari wa buluu ukaanza kujaa kiooni polepole, akaniambia nisiguse chochote, akatoka kunywa chai. Mama Zuhura alikaa mlangoni kwenye kigoda, tasbihi mkononi, macho yamefumba. Upepo ukaleta vumbi. Nikaona lile kasha liko wazi, matumbo nje, na moyo ukaniuma. Nikafungua begi langu, nikatoa nguo yake, nikaivisha.

Mstari ulipopita nusu, mashine ikabisha hodi. Tak, tak. Mstari ukasimama. CD ya kwanza ikawa imeharibika. Nilibaki nimesimama, sijui nimwite nani, na kwa sababu sikuwa na la kufanya nikapitisha mkono chini ya nguo niishike mashine, kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Kulikuwa na joto kama la chini ya tumbo la kuku anayeatamia. Nikautoa mkono. Nikaurudisha. Nikakumbuka siku mbili za fundi, nguo iko kwenye kamba. Nikakumbuka siku moja ya fundi, nguo iko kwenye kamba. Asubuhi za baridi za Dongobesh, kisha mchana, flana na utepe. Kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani mwangu, na nikaona kwamba kwa miezi mitatu nilikuwa naikaba koo sauti ya mume wa mtu kwa maua ya njano. Niliivua ile nguo haraka, nikaisukuma nyuma ya redio mbovu kwenye rafu ya chini. Nikatazama mlangoni. Mama Zuhura alikuwa bado amefumba macho.

Lohay aliporudi alitukana kimyakimya, akasubiri, akaweka CD ya pili, ya mwisho. Dirisha nililifungua mimi. Nikachukua kipande cha boksi nikaanza kupepea lile kasha, kwa nguvu, kama mtu anayewasha jiko la mkaa. Fundi akacheka akaniuliza, dada, unapika nini? Niliomba kwa lugha zote ninazozijua, nikapepea mpaka bega likafa ganzi, macho kwenye mstari wa buluu. Nusu. Robo tatu. Vumbi likaingia, nikaliacha liingie. Mstari ukajaa, kifaa kikaitema CD, ya moto, inang'aa, nyepesi kuliko kifuniko cha sufuria, na mzee mzima yumo ndani.

Ili kuhakikisha, Lohay akaiweka kwenye mashine yake nyingine yenye spika kubwa. Mlangoni alikuwa amesimama mteja aliyefuata redio yake, mzee wa Kidatoga kutoka Mogitu aliyeitwa Gidamis, fimbo mkononi na shuka nyekundu begani. Spika zikakohoa. "Salaam aleikum. Mimi ni Idi, mwuza nguo." Yule mzee akanyanyua kichwa.

"Salama, Idi," akaitikia. "Umepotea sana wewe."

Akasubiri kidogo, akamgeukia fundi akauliza Idi amekuja lini, mbona hatoki nje. Ni Mama Zuhura aliyeinuka kwenye kigoda. Alimwambia kwa upole, kama anampa habari ya leo, kwamba Idi alishafariki, huu ni mwaka wa pili. Mzee Gidamis aliitazama spika muda mrefu. Mle ndani Idi alikuwa anaendelea kueleza habari za baiskeli.

"Lakini anasalimia," akasema.

"Ndiyo. Anasalimia."

"Basi nitamsikiliza mpaka amalize. Mtu hasemi ukamwacha njiani."

Akasimama pale dakika zote arobaini, ameegemea fimbo, na shuka aliyovaa, tulikuja kuambiwa, aliinunua kwa Idi mwenyewe. Idi alipotaja rangi za ng'ombe, mzee alitikisa kichwa akikubali, na mahali pamoja akamsahihisha kwa sauti. Idi alipolalamikia chumvi, alicheka. Watu wa mnada wakaanza kusimama nje, mmoja, wawili, kisha wengi, na waliomjua wakawaambia wasiomjua. Mimi nilikuwa na boksi langu mkononi. Nimekaa makanisani, nimeona maaskofu, nimepanda ndege mara mbili, lakini sijawahi kusimama tena mahali palipojaa kicho kama karakana ile yenye harufu ya waya ulioungua. Mwishoni, sauti ya mke ilipojibu kuwa wali unapoa, Mama Zuhura aliyekuwa hai aliyarudia maneno yale midomoni bila kutoa sauti, na kiti kikaburuzwa. Mzee Gidamis akachukua redio yake akaenda.

Tukiwa njiani kurudi, Mama Zuhura aliniuliza ni nini kilichoiponya mashine. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa nampenda yule mama, nikaogopa asije akaniangalia kwa jicho lingine. Nikasema ni upepo wa Katesh. Akasema, "Haya." Baadaye akauliza nguo ya kompyuta iko wapi, nikasema imepotea mnadani. Akasema, "Haya," tena. Mashine haikugonga tena, na hakuna aliyeifumia nguo nyingine. Chai ya asubuhi ikarudi na sauti yake. Mwisho wa mwaka nilihamia Babati, ambako leo nina duka langu la kuchapa, na wasichana wangu wanashangaa kwa nini mimi, mpole kwa mambo mengine, nagomba hivyo nikikuta kitambaa juu ya mashine inayofanya kazi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi yangu niliyaficha miaka ishirini na zaidi, nikimtembelea Mama Zuhura kila sikukuu ya Idi na kila Krismasi, nikila chapati zake.

Baada ya chakula, wageni wakiwa wamepungua, Zuhura alikuja na kifurushi cha gazeti. Nilikijua kabla sijakifungua, kwa uzito wake. Uzi ulikuwa umegeuka rangi ya chai, lakini maua ya njano yalikuwa bado njano, na utepe umepigwa pasi. Zuhura akasema kwamba mama yake aliichukua nyuma ya redio za fundi siku ileile, akaificha ndani ya blanketi, na kwa miaka yote alikuwa anangoja mwenyewe niseme. Siku za mwisho, akiwa kitandani, alimwomba amshikie simu ajirekodi. Akaniwekea simu mkononi, akabonyeza.

Kukatokea mkwaruzo, kikohozi.

"Paskalina, mwanangu. Ni mimi. Nguo yako hiyo, nimeifua. Kule Katesh nilikuona, sikuwa nimelala. Nikasema atasema mwenyewe. Haya, hukusema. Mimi nilishasamehe kabla hatujafika Dareda, niliona ulivyopepea. Sasa sikiliza. Humu kwenye simu nipo mimi na baba yako Idi. Zuhura atakuwekea kwenye simu yako. Usituvishe." Akapumua kidogo, na nilimwona uso wake usiobadilika. "Umenisikia, Paskalina?"

Simu ikanyamaza, inangoja. Wanawake waliokuwa wanakusanya sahani walisimama, wakanitazama.

"Abee, mama," nikaitikia. "Nimesikia."